Kupunguza muda wa simu bila kupoteza wateja: mwongozo kamili kwa mtu wa Mwanza

Ushauri mwingi kuhusu simu huanza na amri: zima, weka kando, futa kila kitu. Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba hawezi kuifuata amri hiyo. Habari za mzigo zinamfikia kwa simu kabla boti haijafika kutoka visiwani, mteja wa Kongo anaagiza kwa WhatsApp, na malipo yanaingia humo humo. Ndivyo ilivyo pia kwa dereva wa bodaboda wa Buzuruga, kwa fundi cherehani wa Makoroboi na kwa mwalimu wa Buhongwa mwenye grupu la wazazi.

Kwa hiyo sitakwambia uachane na simu. Ninachokuomba ni kutenganisha matumizi yanayokulisha na yale yanayokula muda wako, kisha urudishe mikononi mwako saa mbili za siku: ile ya kwanza unapoamka na ile ya mwisho kabla ya kulala. Saa hizo mbili zikipona, za katikati huwa rahisi kuzidhibiti.

Hatua ya 1: Wiki moja ya kutazama tu

Usibadilishe kitu bado. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni zina sehemu inayoitwa Digital Wellbeing ndani ya Mipangilio. Kwenye iPhone inaitwa Screen Time. Zote zilitangazwa mwaka 2018, kwa hiyo simu ya zamani zaidi inaweza kukosa. Ikikosa, ingia kwenye matumizi ya betri, maana simu nyingi huonyesha pale programu ipi imetumia chaji kiasi gani, na hilo linatosha kuanzia.

Humo utaona saa ulizotumia, programu zilizozila, na idadi ya mara ulizofungua simu. Wengi hukimbilia saa. Mimi naona ile idadi ya kufungua ndiyo yenye habari kubwa. Aliyetazama mechi moja na filamu moja ana saa nyingi, lakini amefungua simu mara chache na alijua anachofanya. Aliyeifungua mara mia moja, dakika moja moja, anaweza kuwa na saa chache kuliko yule, lakini siku yake yote imekatwakatwa. Huyu ndiye anayefika jioni amechoka na hajui ni kazi gani iliyomchosha.

Tafuta daftari. Kila jioni andika umeshika simu saa ngapi, ukiwa wapi, na kwa lipi kati ya haya: kazi, watu wangu, kupitisha muda. Hakuna haja ya hesabu kali. Baada ya siku chache vipindi vitajitokeza vyenyewe: kwenye daladala la kutoka Igoma, dukani mteja anapokawia, kijiweni, na kitandani. Kwa watu wengi kitanda ndicho kinachoongoza.

Hatua ya 2: Waambie watu kabla hujagusa mipangilio

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo maana wengi hurudi walikotoka ndani ya wiki. Kinachokufanya uchungulie simu kila mara mara nyingi ni hofu kuliko mapenzi ya video. Huenda mama amepiga kutoka Kwimba. Huenda shule inamtafuta mzazi. Huenda mteja amekosa jibu akaenda kwa jirani. Kisha kuna heshima: kwetu ukikawia kujibu, hasa kwa mtu mzima au mkwe, unaonekana una dharau. Usipoiondoa hofu hiyo, hakuna mpangilio wa simu utakaokusaidia.

Dawa ni kukubaliana mapema kwamba jambo la haraka linapigiwa simu, na ujumbe unaweza kusubiri. Kwa wateja na marafiki andika kitu kama hiki:

"Habari za leo. Kuanzia wiki hii nasoma meseji saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni. Likiwa la haraka nipigie, nitapokea. Kama huna salio nibip, nitakupigia."

Kwa wazazi, wajomba, mashangazi na wakwe usitume ujumbe huo, wapigie. "Shikamoo mama. Mama, naomba ukiwa na jambo lolote unipigie, usisubiri nione meseji." Mazungumzo ya dakika mbili yatazuia manung'uniko ya mwezi mzima. Na ukishaahidi kupokea, pokea kweli. Ukikosa simu ya mama mara mbili, atarudi kwenye meseji na sauti za WhatsApp, nawe utarudi kuchungulia.

Mwenye biashara aweke WhatsApp Business. Ni ya bure, na inakuruhusu kuandika jibu linalokwenda lenyewe ukiwa haupo, pamoja na orodha ya bidhaa zako. Jibu hilo litaje bei za leo, saa unazojibu, na namba ya kupiga. Mteja anayetaka sato kilo 5 hahitaji uwe umeshika simu usiku kucha. Anahitaji kujua bei, na kwamba kesho asubuhi utakuwepo.

Hatua ya 3: Acha simu ilie kwa mtu, isilie kwa programu

Sasa ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya arifa. Kanuni yangu ni hii: simu ilie pale binadamu mmoja anapokutafuta wewe binafsi. Zilizobaki zote zizimwe. Zima arifa za Facebook, Instagram, TikTok, YouTube, michezo, magazeti na maduka. Acha simu za kupigiwa, meseji za kawaida, ujumbe wa benki na wa pesa za simu. Ukihofia kukosa habari kubwa, nakuhakikishia ikitokea kubwa kweli, mtaa mzima utakwambia kabla hujafika kwa muuza maji.

Magrupu ndiyo kazi kubwa. Mtu wa kawaida hapa mjini ana la ukoo, la kikoba, la mtaa, la darasa la mtoto, la kwaya au la msikiti, la waliosoma pamoja, la kamati ya harusi ya mtu, na la msiba lililokwisha kazi yake miezi mingi iliyopita lakini hakuna aliyethubutu kulifunga. Yapange mafungu mawili. La kwanza ni yale yanayofanya uamuzi unaokuhusu: kikoba, darasa la mtoto, kamati uliyomo. Hayo yanyamazishe, lakini yabandike juu ya orodha na uyasome kwa saa zako. La pili ni yaliyobaki. Hayo yanyamazishe moja kwa moja, siyo kwa saa 8 wala kwa wiki, kisha uyapeleke kwenye kumbukumbu (Archive) ili yasikae mbele ya macho. Hujatoka, hujamkosea mtu, na ukihitajika watakupigia kwa sababu umeshawaambia. Grupu la harusi iliyokwisha fungwa, aga kwa maneno mazuri na utoke.

Ukiwa humo humo WhatsApp, ingia kwenye hifadhi na data uzime upakuaji wa picha na video unaojiendesha. Bando litapumua, na simu haitajaa video ambazo hukuziomba. Kwa status, bonyeza jina la mtu kwa muda uchague kumnyamazisha. Hataambiwa. Anza na wale ambao status zao zinakuacha na moyo mzito.

Mwisho wa hatua hii weka Usinisumbue (Do Not Disturb), mpangilio unaoinyamazisha simu. Iruhusu ipitishe simu za watu uliowachagua: wazazi, mwenzi, shule, msaidizi wa dukani. Android ina pia chaguo la kumpitisha mtu anayepiga mara ya pili ndani ya dakika 15. Liwashe. Mwenye dharura hurudia kupiga, kwa hiyo utampata.

Hatua ya 4: Programu zisizo na mwisho

Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho, na ukifika chini ulilazimika kubonyeza ili upate mwingine. Mwaka 2006 mbunifu wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya kuufanya uendelee kujiongeza wenyewe kadiri unavyosogeza kidole. Baadaye alisema hadharani kwamba anajutia matokeo yake. Sababu ni nyepesi kuielewa. Kile kituo kidogo cha kubonyeza ndicho kilichompa mtu nafasi ya kujiuliza kama anataka kuendelea. Ukiongeza na ukweli kwamba hujui video ijayo itakuwa nzuri au mbovu, kidole hakina sababu ya kusimama.

Kazi yako basi ni kurudisha vituo. Kwenye YouTube na Facebook zima uchezaji wa video unaojiendesha. Toa alama za programu hizo kwenye ukurasa wa mbele, ili ukizitaka uandike jina lake kuzitafuta. Baada ya kila matumizi jitoe kwenye akaunti, ili kuingia tena kudai nywila. Usumbufu huo wa sekunde chache ndio unaosaidia: mara nyingi utakuta ulishika simu bila sababu, na utairudisha.

Ile inayokushinda zaidi, na daftari lako limeshakuonyesha ni ipi, ifute kwa wiki mbili. Akaunti haipotei. Kikomo cha muda cha Digital Wellbeing kinasaidia watu wenye shida ndogo tu, kwa kuwa aliyekiweka ni wewe na wa kukiondoa ni wewe. Kwa mwenye shida kubwa afadhali mwenzi au dada aweke namba ya siri kwenye kikomo, pale simu inaporuhusu.

Kuna wanaopenda kuigeuza simu iwe nyeupe na nyeusi. Jaribu, haina gharama, na wengine inawakatia hamu kabisa.

Hatua ya 5: Bando

Sijaona miongozo ya simu ikilizungumzia bando, na kwetu ndilo linaloendesha mambo. Unajiunga bando la saa 24. Jioni unakuta bado una MB nyingi na muda unaisha. Unakaa kuzimaliza ili pesa isipotee, na mwishowe umelipa mara mbili, kwa shilingi na kwa usingizi. Bando za usiku ni mbaya zaidi. Ni rahisi kwa sababu mtandao una nafasi watu wakiwa wamelala, maana yake ni kwamba unapewa punguzo ili ukae macho.

Fanya hivi. Angalia kwenye simu yako matumizi ya data ya mwezi uliopita, kisha utoe zile za video. Kilichobaki ndicho unachohitaji kwa kazi na kwa watu wako, na mara nyingi ni kidogo mno. Nunua bando la wiki au la mwezi linalokaribiana na kiasi hicho, hata kama kwa kila GB linaonekana ghali kuliko la siku. Kosa la kawaida ni kupima bando kwa bei ya GB wakati ambapo GB za ziada ndizo zinazokukalisha macho. Usijiunge bando la usiku kabisa. Na data izimwe kwa mkono saa 3 usiku. Simu za kupigiwa zitaingia bila data.

Nyumbani au ofisini kwenye Wi-Fi kizuizi hiki hakipo, kwa hiyo hatua ya 4 ndiyo ya kukazia.

Hatua ya 6: Simu isivuke chandarua

Kama utachagua hatua moja tu, chagua hii. Simu isiingie kitandani. Chandarua kikishashushwa, simu iko nje yake, na kama una nafasi, iko chumba kingine kwenye chaji. Kuchaji simu kitandani ni hatari hata hivyo, kwa sababu chini ya mto au ndani ya shuka joto halina pa kutokea.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Mwanga wa kioo huchelewesha kidogo melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia, na ndiyo maana simu zina rangi ya manjano ya usiku. Lakini usitegemee rangi hiyo. Kinachokesha zaidi ni kile unachosoma: ugomvi wa grupu, habari ya ajali, deni, picha za mtu unayejilinganisha naye. Vitu hivyo vikisomwa saa 5 usiku, kichwa kinaendelea kuvifanyia kazi hata simu ikizimwa.

"Simu ndiyo saa yangu ya kuamka" ni sababu ninayoisikia kila mahali, na ina jibu. Nunua saa ya mezani yenye kengele. Au tumia kiswaswadu. Simu ndogo ya batani ina kengele, inapokea simu, inatuma na kupokea pesa kwa menyu za namba bila intaneti yoyote, na chaji yake inakaa siku kadhaa. Wafanyabiashara kadhaa ninaowafahamu wameweka laini ya familia kwenye kiswaswadu. Hicho ndicho kinacholala karibu na kitanda, na simu kubwa inabaki sebuleni. Anayeamkia sala ya alfajiri au zamu ya usiku, njia hii inamfaa kuliko zote.

Kama mnaishi chumba kimoja, weka simu ndani ya kabati au juu ya sanduku, mbali kiasi cha kulazimika kusimama. Mwenzi wako afanye hivyo pia. Mmoja akibaki na simu kitandani, mwingine hatadumu.

Asubuhi usiiguse mpaka umenawa, umesalimiana na waliomo ndani na umekunywa chai. Mwenye biashara ya alfajiri, kama watu wa mwaloni, apige simu za bei, aandike kwenye karatasi, aiweke chini. Kupiga simu ya kazi saa 11 alfajiri hakuharibu siku. Inaharibika pale unapoingia kwenye status mara baada ya hapo.

Hatua ya 7: Ijaze ile saa

Saa iliyoachwa wazi hurudi kwenye simu. Amua mapema utafanya nini, hasa jioni. Na hapa watu wa Mwanza tuna bahati. Jua letu huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache, upande wa ziwa, wakati wengi wameshatoka kazini. Tembea hadi ufukweni karibu na Jiwe la Bismarck, au panda mawe ya mtaani kwenu, maana Mwanza hakuna mtaa usio na jiwe la kukalia. Ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga, acha simu mfukoni uzungumze na wa pembeni yako. Mwisho wa wiki nenda Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo dakika chache kwa boti kutoka mjini, au Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Ukiwa ufukweni usiingie majini hovyo, ziwa letu lina kichocho.

Siku za kawaida hazihitaji safari. Bao, kwaya, mpira wa jioni, kuchambua mchele na watoto, kumtembelea mgonjwa. Chagua kitu kinachoshughulisha mikono, kwa sababu mkono mtupu ndio unaokwenda mfukoni. Mechi ya Simba na Yanga itazame na wenzako kibandani badala ya kufuatilia matokeo dakika kwa dakika kwenye kioo.

Hatua ya 8: Watoto

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Televisheni inahesabiwa. Najua mama aliye peke yake jikoni anampa mtoto katuni ili apate kusonga ugali, na simlaumu. Lakini mtoto wa miaka 3 anaweza kuchambua maharage kwenye sinia, kuosha vikombe vya plastiki au kucheza na maji kwenye beseni huku ukimwona. Kutakuwa na fujo, na atalia siku za mwanzo. Shikilia, kilio hicho hupungua.

Kwa wakubwa, weka sheria inayowahusu wote, wazazi wakiwemo: wakati wa kula, simu zote zinakaa sehemu moja. Kijana wa sekondari hataheshimu sheria ambayo baba anaivunja na kijiko mkononi.

Utakachokutana nacho

Siku za kwanza utakuwa na hasira ndogo ndogo, na mkono utagusa mfuko bila wewe kuutuma. Ni kawaida. Kwenye foleni utaona muda hauendi. Vumilia hapo hapo, usitafute kitu cha kuziba. Usiku mmoja ukishindwa, kesho yake rudisha simu sebuleni bila kujipa adhabu. Macho yakiuma kwa kazi ya kompyuta, kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

Wiki ya nne rudi kwenye Digital Wellbeing. Linganisha idadi ya kufungua simu na ile ya wiki ya kwanza, kisha uangalie daftari: fungu la kazi halitakiwi kuwa limepungua. Kama limepungua, ongeza kikao kimoja cha kusoma meseji mchana, usirudishe arifa.

Lipo kundi moja ambalo hatua hizi hazitalitosha. Mtu anayebeti kwa simu mpaka anakopa, au ambaye usingizi umekatika na huzuni imekaa hata simu ikiwa mbali, anahitaji mtu wa kuzungumza naye ana kwa ana. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe uombe rufaa. Hospitali ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili, na kwenda huko ni matibabu sawa na kwenda kupima malaria. Kama ni ndugu yako, msindikize.